Nondo zinazuia mwizi, moto zinaufungia ndani

Kila nikizungumza na ndugu zangu wa Mtwara kuhusu moto, jibu huwa lile lile: "Nyie huko mna magari ya zimamoto." Ninaishi Bergen, Norwei. Magari yapo kweli, na ukiyahitaji unapiga 110 kama nyumbani tunavyopiga 114. Lakini kwa ninavyoona mimi, kinachotutenganisha ni dakika zile za mwanzo, kabla gari lolote halijatoka kituoni.

Watu wa hapa hawakuzaliwa waangalifu. Bergen ni mji wa nyumba za mbao na umeungua mara nyingi. Moto wa 1702 ulikula sehemu kubwa ya mji, na ule wa 1916 ukafyeka katikati yake. Wamejifunza kwa hasara. Tangu miaka ya 1990 kanuni zinataka kila nyumba iwe na king'ora cha moshi na kifaa cha kuzimia moto, na kila tarehe 1 Desemba watu hukumbushwa kukagua betri. Kazini kengele ya mazoezi inalia, unaacha ulichoshika, unashuka kwa ngazi maana lifti haiguswi, mnakusanyika sehemu moja inayojulikana na mtu mwenye orodha anahesabu vichwa. Mkurugenzi naye anasimama mvuani kama wengine.

Sasa tazama nyumba zetu za Mtwara, mitaa ya Magomeni au Chikongola. Tofali nzuri, bati jipya, na kila dirisha lina nondo zilizochomelewa moja kwa moja ukutani. Mlangoni geti la chuma. Usiku kufuli linafungwa kwa ndani na ufunguo analala nao baba. Moto ukianzia sebuleni kwenye waya mbovu wa friji, watoto walio chumba cha nyuma watapita wapi? Majirani watakuja, hilo sina shaka nalo. Watafika na ndoo na mchanga, watavuta nondo kwa mikono, na nondo hazitoki.

Tukumbuke pia kwamba moshi ndio unaotangulia kuua. Mtu aliyelala hausikii harufu yake. Sumu iliyomo inamlewesha, anazidi kuzama usingizini. Ndiyo maana king'ora cha moshi ningekiweka mbele ya televisheni katika orodha ya vitu vya kununua.

Siwaambii mng'oe nondo. Wezi wapo na ninawajua. Ninachosema ni kwamba katika kila chumba cha kulala, dirisha moja liwe na nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani. Fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza kazi hiyo. Ufunguo utundikwe kwenye msumari mahali mtoto anapofikia, mbali na mkono wa aliye nje. Kisha siku moja zimeni taa, kila mtu ajaribu kutoka gizani, bibi naye. Wakati ule ndipo mtajua kabati limeziba njia.

Jikoni nako mambo yamebadilika. Baadhi ya nyumba za Mtwara zimeunganishwa na gesi asilia ya bomba, nyingine zinatumia mitungi, na gesi hizi mbili tabia zake ni tofauti. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni; ya bomba ni nyepesi, inapanda juu. Ukisikia harufu ya yoyote kati ya hizo usiguse swichi, hata ya kuzima. Funga koki kama unaifikia, fungua milango, toeni watu nje. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, funika sufuria na zima jiko. Ukimwagia maji yanarukia dari. Na petroli ya bodaboda isilale chumba kimoja na koroboi.

Kitu kimoja cha nyumbani nakililia huku. Mtu akipiga yowe "Moto jamani!" mtaa mzima unatoka, na kila mmoja anajua bibi fulani hawezi kutembea na analala chumba gani. Huku niliko, kuna majirani wa ghorofa ya juu ambao hata majina yao siyajui. Nguvu ile tunayo tayari, imekosa njia ya kupita tu.

Linaloniuma zaidi ni maghala na viwanda vya korosho. Magunia yamepangwa hadi darini, maganda yana mafuta yanayowaka vikali, ndani kuna akina mama wanabangua, na mlango mmoja umefungwa kwa nje ili korosho zisiibwe. Akina mama wale wakaguliwe wanapotoka, sawa, lakini wasifungiwe. Msimu unafunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo kila mwenye ghala atoboe mlango wa pili, ateue wa kuhesabu watu, na chama cha msingi cha ushirika cha wakulima kikatae kupeleka mzigo kwa asiyefanya hivyo.