Ile ramani ya kijani haikunifurahisha hata kidogo

Juzi nimekaa kwenye kikao saa mbili na nusu, kiyoyozi kimegoma, nakodolea macho ramani. Mtoa mada, kijana mtanashati mwenye kile kikalamu cha mwanga mwekundu, alikuwa ameipaka rangi kanda kwa kanda: kijani pale ambapo wanawake na wanaume wanakaribiana kipato, nyekundu pale ambapo wameachana mbali. Kanda zenye neema zote nyekundu. Kanda za mishahara ya kubangaiza, kijani kibichi. Kisha akatamka maneno yaliyonitoa usingizini: "Hawa wa kijani wana la kutufundisha."

La kutufundisha! Mtu anapokea kiduchu, mwenzake wa kiume anapokea kiduchu na chenji, halafu sisi tupange safari tukajifunze usawa kwao.

Asilimia ya pengo la malipo inapima umbali kati ya watu wawili. Haikwambii kama wamesimama ghorofani au wamo shimoni. Ujerumani ndio mfano unaopendwa sana kwenye mada za namna hii, na mtoa mada wetu hakuuacha. Takwimu za 2022: magharibi, saa moja ya kazi ya mwanamke ililipwa pungufu kwa asilimia 19 ukilinganisha na ya mwanamume, mashariki, asilimia 7. Makofi. Na nakubali, shingo upande, kwamba kuna kitu cha kweli hapo. Kabla nchi haijaungana tena 1990, wanawake wa mashariki walikuwa wameshazoea kazi ya kutwa nzima, na vituo vya kulelea watoto wadogo vilikuwepo, mpaka leo huko ni vingi kuliko magharibi. Hilo liigwe, sina ubishi. Ila kuna jambo jingine lililopitishwa kimya kimya: mashariki mishahara kwa jumla iko chini, na makampuni makubwa yameweka makao makuu yao magharibi. Mahali pasipo na viti vya enzi, wanaume watawazidi wanawake kwa kukalia nini?

Italia nayo. Pengo la saa kwa saa kule ni dogo, 2022 lilikuwa chini ya asilimia 5, Estonia likapita 20. Basi Italia ni pepo ya wanawake? Italia ni miongoni mwa nchi za Umoja wa Ulaya ambako wanawake wachache zaidi wana ajira. Ambaye angelipwa kidogo amebaki nyumbani, na aliyebaki nyumbani haingii kwenye wastani. Hesabu inatoka safi kwa sababu nusu ya darasa haikufanya mtihani.

Sasa chukua kalamu, maana hapa ndipo nilipokasirika. Tuseme nchi ina kanda mbili. Kanda ya hali ya chini: mwanamume analipwa 100, mwanamke 95. Pengo ni asilimia 5, rangi ya kijani. Kanda tajiri: mwanamume 200, mwanamke 160. Pengo ni asilimia 20, nyekundu. Tuseme tena kwamba katika kila wanaume 100 wenye kazi, 80 wako kanda tajiri, na katika kila wanawake 100, 20 tu ndio wako huko. Piga wastani wa nchi nzima. Mwanamume anatoka na 180. Mwanamke anatoka na 108. Pengo ni asilimia 40, mara mbili ya lile la kanda mbaya kuliko zote kwenye ramani! Nimekuza namba makusudi, sawa, hakuna nchi iliyojigawa namna hiyo. Lakini ona ujanja wenyewe ulivyo: unaweza kuipaka kila kanda rangi ya kupendeza, na lile pengo kubwa likabaki limelala katikati, kwenye njia ya kutoka kanda moja kwenda nyingine. Ramani haina rangi ya njia.

Na hiyo njia naijua. Miaka kadhaa iliyopita mimi na mwenzangu wa kiume tulipewa barua za uhamisho siku moja. Kwenda makao makuu, cheo kimoja juu, mshahara wa kueleweka. Yeye alipokelewa korido nzima na "Hongera kaka, unahama lini?" Mimi nilipoingia kwa bosi kusaini, aliifunika barua kwa kiganja, akaniangalia kwa huruma kama daktari mwenye majibu mabaya. "Dada, umeshaongea na mzee nyumbani? Na watoto?" Mwenzangu ana watoto watatu. Mimi wakati ule nilikuwa na wawili. Hakuna aliyemuuliza wake watalala wapi.

Nilikataa. Ndiyo, nilikataa kwa mdomo wangu, na kwenye faili langu imeandikwa kwamba nilikataa kwa hiari. Hiari! Mume hangeweza kuacha kazi yake, mdogo alikuwa bado ananyonya, na kule kwenye ofisi mpya hakuna aliyenijua hata wa kunichukulia mtoto shuleni. Ukishapangiwa hayo yote halafu ukaulizwa "unachagua nini?", unachagua kusaini mahali ulipowekewa alama ya kalamu.

Wala silii peke yangu. Nchi nyingi zilikopimwa, wanawake husafiri umbali mfupi kuliko wanaume kwenda kazini. Familia inapohama kwa ajili ya kazi, mara nyingi ni kazi ya mume ndiyo inayotangulia, na mke anafika kwenye mji mpya na vyeti vyake kwenye bahasha kuanza upya. Denmark, nchi isiyo na uhaba wa sheria nzuri wala vituo vya watoto, watafiti walifuatilia kipato cha wazazi kabla na baada ya mtoto wa kwanza. Cha baba kikaendelea na safari zake. Cha mama kikaporomoka, na miaka mingi baadaye bado kilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na cha mwanamume. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2023, ameeleza vizuri kwamba kazi zinazolipa sana ni zile zinazomtaka mtu awepo wakati wowote atakapoitwa. Mimi naongeza: na mahali popote.

Nisije nikaambiwa nina chuki. Najua wanaume waliofuata mshahara wakawa wanawaona watoto wao kwenye simu mwaka mzima, na hilo nalo ni wizi. Tofauti ni kwamba wao wameibiwa wakiwa na mshahara mfukoni.

Wapo pia watakaosema siku hizi mtu anafanya kazi akiwa kwake, umbali umekufa. Umekufa wapi? Yapo makampuni yanayokupunguzia malipo kwa kuangalia unaishi wapi, kazi ile ile, saa zile zile. Anayebaki mbali kwa sababu ya watoto ni nani, mnamjua.

Mtoa mada alipomaliza akauliza kama kuna maswali. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, katika hizo takwimu zake, ni wanawake wangapi waliowahi kupewa uhamisho wa kwenda kwenye zile kanda nyekundu, na wangapi waliweza kwenda. Akakizungusha kikalamu vidoleni, ule mwanga ukatembea ukutani, ukapita darini, ukaja kutua kwenye paji la uso la mkurugenzi. "Swali zuri sana, mama," akasema. "Hilo hatukulipima."

Mkurugenzi akaangalia saa, akasema tumechelewa chakula.