Kosa la Agosti, Hukumu ya Novemba

Limeanza tena lile tangazo hapa Tanzania. "Wakulima wajitokeze kwa wingi kujiandikisha na kuhuisha taarifa zao ili wanufaike na mbolea ya ruzuku." Msimu ukishachafuka, kiongozi atapanda jukwaani kutueleza kwamba waliokosa ni wale waliopuuza kujiandikisha. Mkulima mzembe, mfumo safi, makofi tafadhali.

Nina ugomvi na maneno hayo. Miongoni mwa wanaorudi mikono mitupu kutoka kwa wakala wa mbolea wamo waliojiandikisha, tena mapema, wakiwa na kitambulisho mkononi na simu mfukoni. Waliambiwa "tayari mzee, subiri meseji", wakaenda zao. Kuanzia hapo hakuna aliyewaambia chochote mpaka wiki ya kupanda. Yaani serikali imejenga mfumo wa kupokea maombi, lakini kujibu maombi hakumo.

Chukua jina moja ulifuate. Mtendaji wa kijiji au bwana shamba anaandika jina, namba ya NIDA (ile ya kitambulisho cha taifa), namba ya simu, kitongoji, zao na ukubwa wa shamba. Pale taarifa zinapoandikwa kwanza kwa mkono, huja kuingizwa kwenye mfumo na mtu mwingine, mahali pengine, siku nyingine, akiwa na rundo la madaftari mezani na mtandao unaokatika. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo zikikosewa hata mtoto wa shule anaona kwamba mzee wa miaka 70 hawezi kuwa amezaliwa 2053. Hatari iko kwenye zile 12 zilizobaki, hazina sura ya kukumbukwa. 6 iliyoandikwa kwa haraka inasomeka 0, na 1 ya kalamu inayokwisha wino inasomeka 7. Namba ya simu ni tarakimu 10, ikikosewa moja tu, meseji yenye namba ya mkulima, ile ya kununulia mbolea ya ruzuku, inamwendea mtu wa Tandahimba ambaye ataifuta akidhani ni wale matapeli wa "tuma kwenye namba hii".

Halafu kuna ekari, ambazo ndizo zinaamua utapata mifuko mingapi. Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 atakuwa amepima mita za mraba 3,969, ambayo karibu kabisa ni ekari moja halali ya mita 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 75 atapata mita za mraba 2,756, na hiyo ni kama theluthi mbili tu ya ekari. Wote wawili wanaandikwa "1". Hapo bado hujamkuta anayechanganya ekari na hekta, kosa linalozidisha au kupunguza shamba kwa mara mbili na nusu kwa mpigo mmoja wa kalamu. Na wanaokodi mashamba? Mwaka jana alikodi ekari nne bondeni, mwaka huu kapata moja na nusu kilimani, mfumo unamjua kwa zile za bondeni. Wengine ni kinyume chake.

Makosa hayo yote ni ya kawaida. Ukiandikisha mamilioni ya watu ndani ya miezi michache, utakosea, na simlaumu mtendaji anayefanya kazi hiyo juu ya kazi zake nyingine zote. Kinachonikera ni kwamba kosa la Agosti linakaa kimya Septemba yote, linakaa kimya Oktoba yote, halafu linajitokeza Novemba dirishani kwa wakala, mbele ya foleni:

"Mama, hapa inaonyesha robo ekari."

"Robo? Mwanangu, mimi nalima ekari tatu, hata mwenyekiti anajua."

"Ndivyo mfumo unavyosema. Kahuishe taarifa kijijini, kisha urudi."

Kahuishe, kisha urudi. Wakala yuko mjini wilayani, mama katoka kata ya mbali, nauli ya bodaboda kashalipa. Kijijini mtendaji yuko semina. Mtendaji akirudi, marekebisho yanasubiri mtu wa halmashauri ayaidhinishe, na mtu wa halmashauri ana marekebisho ya kata zote kwenye dawati moja, kwa sababu kila mkulima mwenye kosa amelijua wiki ileile. Na mvua, kama mjuavyo, haihuishwi.

Wasiolima huona wiki mbili tatu za kuchelewa ni usumbufu mdogo, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia hazichelewi kwa namna moja. DAP, ile ya kupandia, ni 18-46-0, yaani asilimia 18 naitrojeni na 46 fosfati: mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Fosfati haitembei kwenye udongo. Inakaa pale ulipoiweka, ndiyo maana inatakiwa iingie shimoni siku ya kupanda, chini au pembeni kidogo ya mbegu, mzizi mchanga uikute njiani. Mkulima aliyeipata wiki tatu baada ya mahindi kuota atainyunyiza juu, maana afanyeje, na sehemu kubwa ya zile kilo 23 alizolipia itabaki juu hukohuko huku mizizi ikiwa chini. Mahindi yatapata naitrojeni kidogo, majani yatageuka zambarau kwa njaa ya fosforasi, na takwimu zitaonyesha mfuko mmoja wa ruzuku "umemfikia mkulima".

Urea, ile ya kukuzia, ina uvumilivu zaidi. Inatakiwa mahindi yakifika magotini, ikichelewa wiki moja bado unavuna kitu, ilimradi usiimwage juu ya udongo mkavu wenye jua kali, maana naitrojeni itapaa hewani kabla ya mvua kuja. Kwa hiyo mfumo unaochelewesha kwa wiki tatu unaweza kujitetea kwenye Urea. Kwenye DAP hauna utetezi hata kidogo. Nyanda za Juu Kusini watu wanapanda kuanzia katikati ya Novemba hadi Desemba. Anayepewa jibu Desemba katikati amepewa mbolea ya mwaka kesho, na wengi hawana pesa ya kuilaza stoo hadi mwaka kesho.

Nitasema na jema lao, japo kwa shingo upande. Ruzuku iliyozinduliwa msimu wa 2022/2023 ilifika wakati bei za dunia zimetuvunja mgongo. Mfuko wa Urea uliokuwa umepita 120,000 uliuzwa 70,000, na hilo halikuwa jambo dogo. Ule msimbo wa mraba (QR) kwenye mfuko, ambao wakala lazima auskani, umefanya mfuko uwe na historia: umetoka wapi, umeuzwa na nani, kwa nani. Wizi haujaisha, lakini umekuwa mgumu zaidi. Tukumbuke tulikotoka. Vocha za karatasi za 2008/09 hadi 2013/14 zilikuwa na heshima yake kwenye makaratasi: vocha za mbolea na mbegu za kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga, mkulima akichangia kama nusu ya bei. Mitaani kukawa na vocha zinazouzwa kwa bei ya soda, saini za watu wasiojua kuandika, na orodha zenye shemeji wa kila mtu. Sitaki zirudi.

Ila zile vocha zilikuwa na kitu kimoja ambacho mfumo wa sasa umekitupa pamoja na uchafu. Orodha ilipita kijijini. Kulikuwa na kamati ya vocha ya kijiji, nusu yake wanawake, na majina yalisikika mbele ya watu kabla ya pembejeo kufika. Kama jina lako halimo, ulijua hapo hapo, na ulikuwa na mtu wa kumkodolea macho. Leo orodha iko kwenye seva. Hata mtendaji aliyekuandika anaweza asijue kilichoingia mwishoni.

Kwa hiyo ombi langu ni la kizamani kabisa: tusomeeni mlichoandika. Taarifa zikishaingizwa, halmashauri ichapishe orodha kwa kila kitongoji. Jina kamili, tarakimu nne za mwisho za NIDA, tatu za mwisho za simu, ekari, zao, na safu ya hali: amekubaliwa, au amekwama na kwa sababu gani. Ibandikwe ofisi ya kijiji siku 14. Isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na mara nyingi unakosa ajenda inayowatoa watu majumbani. Hii ingewatoa. Wapo watakaosema Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakataza. Ndiyo maana nimesema tarakimu za mwisho tu, na kama ekari zinaleta shida, zisomwe kwa mwenyewe ofisini. Jamani, kijiji kizima kinajua nani analima wapi. Siri ya ekari haijawahi kuwepo, isipokuwa kwenye mfumo.

Na hesabu ya tarehe ianzie kwenye mvua irudi nyuma, isianzie Julai kwa sababu eti ndio mwaka wa fedha unaanza. Kama mbegu inaingia ardhini Novemba 15, mbolea iwe kwa mkulima wiki moja kabla, ununuzi uanze wiki nne kabla ya hapo ili foleni isijae siku moja, marekebisho yafungwe mwanzoni mwa Oktoba, orodha ibandikwe mwanzoni mwa Septemba. Mikoa ya vuli na masika iwe na kalenda yake, kwani mkulima wa Moshi na wa Songea hawapandi siku moja.

Marekebisho nayo yagawanywe. Herufi ya jina na namba ya simu zirekebishwe ngazi ya kata, siku hiyo hiyo, mkulima akiwa amekaa hapo na kitambulisho chake. Ekari zibaki na idhini ya halmashauri, maana hapo ndipo wajanja wanapojaza mifuko ya kuuza ng'ambo ya mpaka. Kwenye simu kuna hatari yake: anayebadilisha namba ya mtu amebadilisha mpokeaji wa haki yake. Dawa ni rahisi. Namba ikibadilishwa, mfumo utume ujumbe kwenye namba ya zamani na mpya, uandike nani kabadilisha na saa ngapi, na mkulima apewe kipande cha karatasi chenye namba ya kumbukumbu. Karatasi, ndiyo. Betri ya simu inaisha, karatasi haiishi chaji.

Kuhusu akina mama walioandikwa chini ya namba ya mume, meseji ikaishia kwenye simu ya mume, nitasema hili tu: anayelima ndiye aandikwe.

Kuhusu mawakala kuwa wachache, kila mtu ameshasema, na ni kweli. Naongeza kwamba wakala anayeuza bila muamala kuingia kwenye mfumo hana cha kudai serikalini, kwa hiyo mtandao ukilala, usimtukane akikufungia dirisha. Mtaji ni wake.

Na wanaosema uhakiki ukilegezwa wajanja wataingia, waangalie jirani. Kenya waliandikisha wakulima kupitia machifu, wakatuma meseji, wakapanga foleni kwenye maghala, na 2024 ikabainika mifuko iliyo chini ya kiwango ilikuwa imepita humo humo. Mkulima alihakikiwa mpaka kitambulisho, mfuko haukuhakikiwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kumsumbua mkulima ndio ulinzi.

Mpaka hayo yafanyike, anayejiandikisha mwaka huu afanye hivi. Usiondoke kabla aliyekuandika hajakusomea kwa sauti alichoandika. Namba ya NIDA asome kwa mafungu, nane, tano, tano, mbili, huku ukifuata kwenye kadi yako. Mpigie simu hapo hapo kwa laini uliyoandikisha, namba itokee kwenye simu yake, ailinganishe na ya daftarini. Uliza ameandika ekari au hekta. Laini iwe yako, si ya kijana aliyeenda Dar, na iwe inatumika, maana iliyolala kabatini miezi mingi inaweza kufungwa. Ikifika mwisho wa Septemba hujapata namba ya mkulima, usisubiri tangazo. Nenda kwa mtendaji umuulize jambo moja, "Mfumo unasema mimi nina ekari ngapi?", na kama hawezi kukujibu, panda hadi halmashauri ukaulize dawati la kilimo, uandike jina la aliyekujibu na tarehe.