Tunaipima dawa, hatuupimi moshi

Tangu mwaka 2005, karibu kila dawa mpya ya kemikali inayotaka kuingia katika soko la Marekani, Ulaya au Japani huulizwa swali moja la lazima: je, inaziba chaneli ya hERG? Chaneli hiyo ni kijitundu katika utando wa seli ya moyo ambamo potasiamu hupita kutoka nje ya seli baada ya kila pigo, ili seli itulie na kujiandaa kwa pigo linalofuata. Ikizibwa, utulivu huchelewa. Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, nafasi inayoitwa QT hurefuka, na moyo uliokuwa mzima unaweza kuingia katika mapigo ya ovyo yanayoua ndani ya dakika chache.

Swali hilo halilazimishwi kwa kemikali inayotoka kwenye bomba la lori la dizeli, kwenye mafiga ya kuni au kwenye kisima cha mafuta kilichopasuka. Wapo watafiti wanaosema liulizwe. Wapo wengine, tena wasomi wa heshima, wanaosema huko ni kuchukua matokeo ya maabara na kuyabebesha mzigo yasiyoweza kuubeba. Kundi la kwanza mara nyingi hudhaniwa kuwa linazungumzia samaki tu, na hapo ndipo haki haijatendeka.

Ni kweli kwamba habari ilianzia kwa samaki. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwezi Machi 1989, viinitete vya samaki vilionekana vimejaa maji kuzunguka moyo. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa mafuta huharibu samaki kwa ujumla, na moyo huumia kwa kufuata mkumbo. Mwaka 2004 John Incardona na wenzake wa idara ya bahari ya Marekani, NOAA, walionyesha kinyume chake: kemikali ndogo za mafuta zenye pete tatu za kaboni, ikiwemo fenanthrini, hushambulia moyo moja kwa moja, na madhara mengine hufuata. Miaka sita baadaye kisima cha Deepwater Horizon kilipasuka katika Ghuba ya Meksiko, msimu ule ule jodari wanapotaga humo, na kikatema mafuta kwa siku 87. Timu ya Barbara Block wa Stanford na Fabien Brette ilichukua seli hai za moyo wa jodari na kuziweka kwenye maji yaliyochanganywa na mafuta hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: mkondo wa potasiamu ulizibwa, kalsiamu inayoamuru misuli ikaze ikavurugika, na umeme wa kila pigo ukachukua muda mrefu kuisha. Mwaka 2017 wakamtaja mhusika mkuu kwa jina: fenanthrini, ambayo imo pia katika moshi wa dizeli na wa kuni.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba jodari si binadamu. Lakini chaneli hii ni ya zamani sana katika ukoo wa viumbe wenye uti wa mgongo. Aliyo nayo jodari inafanana sana na tuliyo nayo sisi, na wanaopima dawa hutumia mioyo ya samaki wadogo kwa sababu hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, kazi haikuishia majini. Holly Shiels wa Chuo Kikuu cha Manchester na washirika wake wameijaribu fenanthrini kwenye chaneli ya hERG ya binadamu iliyooteshwa katika seli za maabara, nayo ikazibwa. Mwaka 2023 wakatoa matokeo ya mioyo ya panya, na humo mapigo ya ovyo yalijitokeza.

Sasa upande wa pili, kwa uzito wake. Hoja yao ya kwanza ni kipimo. Katika maabara fenanthrini huziba hERG ikiwa katika viwango vya mikromola (kizio cha wingi wa kemikali katika kimiminika), ilhali ile inayopatikana katika damu ya watu wa kawaida ni kidogo kuliko hapo kwa mara nyingi sana. Watengenezaji wa dawa wenyewe hutumia kanuni kwamba pengo la mara 30 kati ya kiwango kinachoziba chaneli na kiwango kilicho huru katika damu, yaani kisichoshikwa na protini, linatosha kuwapa utulivu wa kuendelea. Hoja ya pili ni verapamili, dawa ya moyo ya miaka mingi. Inaiziba hERG vizuri tu, lakini haileti mapigo yale ya kuua, kwa kuwa inaziba pia chaneli ya kalsiamu na vitu viwili vinasawazishana. Fenanthrini nayo hugusa zote mbili. Hoja ya tatu ni kwamba madhara ya hewa chafu kwa moyo na mishipa yana maelezo mengine yenye ushahidi mpana: uvimbe wa ndani ya mishipa, damu kuganda kwa urahisi, neva zinazoendesha moyo kukosa utulivu. Na kiinitete cha samaki hulowa ndani ya sumu usiku na mchana, kikiwa hakina hata ini lililokomaa la kuisafisha.

Hizi ni hoja za watu wanaojua kazi yao, na ile ya verapamili ni nzuri kiasi kwamba wanaotetea kipimo cha hERG hawana budi kuijibu kwa majaribio zaidi. Ile ya kipimo cha damu, ambayo ndiyo husemwa kwa kujiamini kuliko zote, hainiridhishi hata kidogo. Sababu yangu ni tefenadini.

Tefenadini ilikuwa dawa ya mzio, ikauzwa Marekani tangu 1985 kwa jina la Seldane, na mamilioni ya watu waliipenda kwa sababu haikuleta usingizi. Inaziba hERG kwa nguvu. Hata hivyo ilionekana salama, kwa sababu ini huibadilisha karibu yote kuwa kemikali nyingine isiyogusa moyo kabla haijaenea mwilini. Ukipima damu ya mtumiaji wa kawaida, tefenadini yenyewe huioni au unaiona kwa shida. Kwa kigezo cha wastani wa damu, dawa hii ingepita. Mwaka 1990 ikaripotiwa habari ya mwanamke wa miaka 39 aliyeimeza pamoja na ketokonazoli, dawa ya fangasi ambayo hulizuia ini kufanya kazi hiyo. Moyo wake ukaingia katika mapigo yale. Ikaja kufahamika kuwa erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, nayo hufanya vivyo hivyo, na kwamba mwenye ini bovu yuko hatarini hata bila dawa ya pili. Dawa iliondolewa sokoni mwaka 1998. Kanuni za 2005 zilizaliwa kutokana na mikasa ya aina hiyo.

Waliodhurika na tefenadini hawakuwa watu wa wastani. Walikuwa wachache ambao mlango mmoja wa kinga ulikuwa umefungwa. Na mlango wenyewe ni ini. Kinachomezwa hupita kwenye ini kwanza, ndipo kiufikie moyo. Kinachovutwa puani hakifuati njia hiyo: kutoka mapafuni damu huingia moja kwa moja upande wa kushoto wa moyo, na matawi ya kwanza kabisa ya mshipa mkuu ni yale yanayolisha misuli ya moyo wenyewe. Kiasi kinachokutwa kwenye damu ya mkononi saa kadhaa baadaye hakituambii moyo ulipokea nini wakati mtu ameinamia moto. Tefenadini ilikuwa na ini mbele yake na bado ikaua.

Tukiulizana ni nani mwenye milango iliyofungwa, jibu linatujia karibu. Wanawake kwa maumbile wana QT ndefu kuliko wanaume, na ndio wengi zaidi miongoni mwa waliopata mapigo hayo kutokana na dawa. Mwenye kuharisha hupoteza potasiamu, na upungufu wake hurefusha QT. Piperakwini, iliyomo katika mojawapo ya dawa mseto za malaria tunazotumia, hurefusha QT. Mama anayepika kwa kuni huku akitumia dozi ya malaria yuko mbali na yule mtu wa wastani wa majedwali ya Ulaya.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosema "ushahidi hautoshi" hulipita haraka. Ushahidi ni mchache kwa sehemu kwa sababu mizani yetu ya sumu za moshi iliundwa kwa ajili ya saratani. Benzo(a)pirini, ndugu ya fenanthrini mwenye pete tano, ndiyo hupimwa na kuwekewa ukomo kwa sababu inasababisha saratani. Fenanthrini, ambayo kwa kawaida imo hewani kwa wingi kuliko hiyo, imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC katika kundi la 3, la vitu visivyoweza kuainishwa kama vinasababisha saratani au la. Ikaachwa hapo. Tena hewani huwa zaidi katika hali ya mvuke, hivyo vipimo vya PM2.5, yaani chembechembe ndogo sana za hewani, haviikamati ipasavyo.

Mfano wa aseniki unaonyesha kuwa wazo hili si la kubuni. Aseniki trioksidi ni dawa halali ya aina moja ya saratani ya damu, na daktari anayeitoa hulazimika kupima umeme wa moyo kabla na wakati wa tiba, kwa kuwa huzuia protini za hERG zisifike kwenye utando wa seli. Katika visima vya Bangladesh, aseniki ya maji ya kunywa imehusishwa na QT ndefu kwa wanawake. Aseniki imekutwa pia katika maji ya maeneo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria. Kemikali ya ukoo mmoja, wodini inalindwa kwa mashine, kisimani haina mlinzi.

Sidai kwamba fenanthrini ndiyo inayobeba vifo milioni 6.7 ambavyo Shirika la Afya Duniani hukadiria kwa mwaka kutokana na hewa chafu ya nje na ya majumbani. Ninachokataa ni kuambiwa tusubiri ushahidi wa binadamu huku hakuna anayeutafuta. Kuutafuta si kazi ya mabilioni. Fenanthrini ikishavunjwa na mwili hutoka kwenye mkojo na maabara huweza kuipima. Kipimo cha umeme wa moyo ni cha bei ndogo kuliko picha nyingi tunazopiga hospitalini. Tanzania imejiwekea mkakati wa mwaka 2024 wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Maana yake ni kwamba kaya nyingi zitahama kutoka kuni kwenda gesi ndani ya muongo mmoja, na wanawake hao hao wanaweza kupimwa QT kabla ya kuhama na baada yake. Kaya zikishahama, kipimo cha kabla hakiwezi kurudiwa.