Na waliomvua samaki silikanti mnawaweka wapi?

Nimesoma hii orodha yenu ya vinara wa ikolojia na mageuko ya viumbe waliopangwa kwa makala zao kunukuliwa na watafiti wenzao, sawa wanastahili heshima zao, ila jamani hiyo h-indeksi mliyopangia, kipimo cha mtafiti alicholeta mwanafizikia Hirsch 2005, maana yake ukiwa na makala 40 na kila moja imenukuliwa angalau mara 40 basi namba yako ni 40, haijalishi umeandika peke yako au jina lako limebanana katikati ya majina mia. Sasa mtu anayesoma konokono wa msitu wa Amani kule Usambara atanukuliwa na nani, wenzie duniani wachache mno!

Huku kwetu Tanga miaka ya 2000 silikanti walinasa sana kwenye nyavu za jarife za wavuvi wa Kigombe, samaki mkubwa ana mapezi ya nyama kama vijiguu, wataalamu wakaja wakapima wakaandika, hifadhi ikaanzishwa 2009, ila mvuvi aliyemtoa wavuni kwenye hesabu hizi humuoni. Mhariri tunaomba safari ijayo mtuambie na hao wa juu data zao zimetoka wapi na nani aliwakusanyia.