Waziri aliyenifungulia mlango

Tarehe 14 Aprili 2022 nilikuwa bado nyumbani Ngamiani, Tanga. Ilikuwa Ramadhani. Mama kakalia mbuzi anakuna nazi ya wali wa daku, sikio moja liko kwenye taarifa ya habari. Akatokea mwanamke mwenye asili ya Kihindi, yuko Kigali, anatia saini makubaliano ya kupeleka Rwanda watu wanaoingia Uingereza kwa mashua. Mama akaacha kukuna.

"Hawa ndio unaokwenda kwao?"

"Haohao, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea na nazi yake. Sikumwambia kwamba fomu zilizokuwa kwenye simu yangu, za viza ya kulea wazee, zilitokana na mlango uliofunguliwa Februari ya mwaka uleule, na aliyeufungua ni mwanamke huyuhuyu, Priti Patel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza.

Sasa niko Leicester, naogesha wazee na kuwalisha, na kila nikiongea na watu wa Tanga wanataka nimlaani Patel. Nashindwa. Wazazi wake ni Wagujarati waliotoka Uganda miaka ya 1960, kabla hata ya Idi Amin kuwafukuza wenzao mwaka 1972, wakaja kufungua maduka. Mtoto wao akawa mbunge mwaka 2010, akaingia baraza la mawaziri, mwaka 2017 akalazimika kujiuzulu kwa kukutana na viongozi wa Israel bila kufuata utaratibu, na miaka miwili baadaye akarudi na wizara kubwa zaidi, Mambo ya Ndani. Akaleta mfumo wa pointi: Kiingereza, mshahara, ujuzi. Alipoulizwa mwaka 2020 kama wazazi wake wangepita kwenye kanuni hizo, alikubali kwamba huenda wasingepita.

Hapo ndipo ninapomkumbuka abiria wa daladala. Akiwa kituoni anasukuma, "Konda, nafasi ipo, sogeeni nyuma!" Akishaweka mguu ndani, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele kwamba gari imejaa, twende. Aliyempokea Patel ofisini, Suella Braverman, baba yake katoka Nairobi, naye kelele zake zilikuwa zilezile, tena kubwa zaidi.

Leicester yenyewe iliwahi kupiga kelele hizo. Mwaka 1972 halmashauri ya mji ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi wasije, mji umejaa. Wakaja. Leo ukipita Belgrave Road, mtaa wa maduka ya Wahindi, utadhani hilo tangazo halikuwahi kuandikwa. Kwenye nyumba yetu ya wazee kuna bibi mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa pwani ya kwetu. Kiingereza kinamtoka kidogo kidogo kwa sababu ya maradhi ya kusahau, lakini Kiswahili kimebaki. "Mwanangu, chai hii maji matupu, tia tangawizi." Natia. Wenzangu wa zamu hucheka, wanadhani tunasengenya.

Ila sisi wa Tanga tusijitoe. Mkoa wetu ulijengwa na mkonge, na mkonge ulikatwa na manamba: Wamakonde, Waha, watu wa Burundi. Nimekua nikisikia wajukuu wao wakiitwa "wa kuja", na nimewahi kulitamka neno hilo mwenyewe bila kufikiri. Kwa upande mwingine, Wazigua wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani, walipokimbia vita kule walipewa ardhi Chogo, Handeni, na baadaye uraia. Hilo huwa nawaeleza Waingereza kwa kujidai kidogo.

Na kuna jambo jingine ninalojidai nalo. Ripoti ya mwaka 2020 ilipoona kwamba Patel amewatendea watumishi wake kwa ukali uliovunja kanuni za mawaziri, waziri mkuu alimbakiza; aliyejiuzulu ni mshauri aliyefanya uchunguzi. Kwetu Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa mauaji ya watu waliokuwa mikononi mwa polisi Shinyanga, wala si yeye aliyeua. Mwaka 1985 akawa rais. Nikisema hivyo Waingereza huniuliza ni mawaziri wangapi wamefuata mfano wake tangu hapo, nami hubadilisha mazungumzo.

Machi 2024 walizuia walezi wapya kuja na watoto. Sisi tuliokwisha kuingia haikutugusa. Mwenzangu wa chumba cha pili, Mzimbabwe, alifika baada ya tarehe ile. Wanawe wanakua kwenye simu. Siku zamu zangu zilipopunguzwa kwa sababu wageni wamekuwa wengi, nilijikuta nasema jikoni, "Si wangesimamisha kwanza kuleta watu?" Yeye alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka.

Novemba 2025 waziri mwingine, Shabana Mahmood, naye mtoto wa wahamiaji kutoka Pakistan, alipendekeza sisi wa kazi hizi tusubiri miaka 15 badala ya 5 kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu. Nilimpigia mama, nikamweleza. Akahesabu kimya, nikawa nasikia adhana nyuma yake.

"Mpaka 2037?"

"Ikipita, mama."

"Basi mwambie huyo bibi wa chai nitamletea tangawizi ya Lushoto mwenyewe."