Pesa bado ziko harusini

Kuna mwandishi mmoja anayewahimiza vijana wanamuziki wa Mombasa watie nyimbo mtandaoni wasubiri malipo. Watangoja sana. Spotify, mtandao wa kusikilizia nyimbo, haina bei moja kwa kila usikilizwaji. Pesa inazopata katika kila nchi hutiwa kapu moja, zikagawanywa kwa kadiri nyimbo za kila mwenye haki zilivyosikilizwa. Na tangu 2024, wimbo usiosikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati hata ndururu. Mwimbaji wa taarabu wa Majengo aanzie wapi?

Mimi napiga kinanda harusini. Huko hesabu inaeleweka: arubuni mapema, salio kabla vyombo havijafungwa, kisha tuzo. Ubeti ukimgusa mama mmoja atainuka akicheza polepole, noti ya mia mbili mkononi, ataka urudiwe, na shogake naye hakubali kushindwa. Mgao ni usiku uleule (sisi wa vyombo huonewa, lakini hayo ni ya ndani).

Mtandaoni wekeni, sikatai. Wenye harusi hutusikia huko ndipo wakapiga simu. Ila mkataba wa msambazaji, yule anayewapelekea nyimbo mtandaoni, usomeni: nani anamiliki rekodi, na asilimia ngapi inakatwa kabla pesa hazijawafikia.