Kuacha nyumba, au kuacha umimi?

Anayetaka kuijua Atma, yaani Nafsi ya ndani isiyozaliwa wala kufa, ni lazima aage nyumba, mali na jamaa? Wanafalsafa wa Kihindu wamevutana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kila upande una maandiko mkononi.

Wanaosema aondoke huanza na mwenye hekima Yajnavalkya katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, moja ya maandiko ya kale ya Kihindu. Anapojiandaa kuondoka nyumbani, anataka kuwagawia mali wake zake wawili. Mmoja wao, Maitreyi, anamuuliza kama mali ya dunia nzima ingempa kutokufa. Anajibiwa kwamba haingempa. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, aliijengea njia hii hoja ngumu kuitikisa. Kila kazi na kila ibada humhitaji mtu anayejiona kuwa mtendaji, mwenye lengo la kulifikia. Nafsi haitendi, haiongezeki wala haipungui, kwa hiyo anayeijua hubakiwa na mtendaji yupi? Ujuzi na kazi havichanganyiki, kama ambavyo huwezi kuiona kamba moja kuwa kamba na nyoka kwa wakati uleule.

Wala sanyasa, utawa wenyewe, si kubadili nguo tu. Anayeingia hujifanyia ibada ya wafu akiwa hai na kuuaga moto wake wa ibada. Watawa wa njia ya Shankara hukata kishungi cha nywele na kuvua uzi mtakatifu. Wale wa njia ya Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa Kihindu, hubaki navyo vyote viwili, na hubeba fimbo tatu zilizofungwa pamoja. Hata kipi kiachwe, basi, hawakukubaliana.

Upande wa pili husimama juu ya Bhagavad Gita, andiko la mazungumzo ya shujaa Arjuna na mungu Krishna kabla ya vita, na hapa ndipo penye utajiri. Arjuna anataka kutupa upinde na kuishi kwa kuomba, Krishna anamkatalia. Sura ya 3, aya ya 6, humwita mnafiki yule anayezuia mikono huku moyo ukizunguka kwenye anasa. Sura ya 18 inapambanua zaidi: sanyasa ni kuacha kazi zinazofanywa kwa tamaa, tyaga ni kuacha matunda ya kazi zote. Kisha inapanga kuacha katika daraja tatu. Kuacha wajibu kwa upumbavu ni giza. Kuuacha kwa kuogopa taabu ya mwili hakuleti thawabu yoyote. Kuutimiza bila kung'ang'ania tunda ndiko kuacha kwa kweli. Tilak, mpigania uhuru wa India, aliyeandika ufafanuzi wake wa Gita gerezani Mandalay, Burma, na kuuchapisha mwaka 1915, alishikilia kwamba Gita yote ni wito wa kutenda.

Lakini njia hii nayo huharibika kirahisi. Wengi husikia "acha matunda" wakaelewa "usijali", wakalegea kazini. Gita yenyewe inakataa: mtendaji bora ana uthabiti na bidii, na hatikisiki apate au akose, mvivu anayeahirisha yumo daraja la chini kabisa. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Mtu husema ameacha moyoni, wala hakuna wa kumkagua. Dalili huja siku anaponyimwa sifa aliyoistahili: akichemka, tunda alikuwa amelishika bado.

Kwa maoni yangu Shankara ana haki juu ya kinachofutwa na ujuzi, ila haifuati kwamba mikono nayo isimame. Yeye mwenyewe, akifafanua aya ya Gita kuhusu mfalme Janaka, aliyefikia ukamilifu kwa kutenda, anakubali kwamba mjuzi anaweza kuendelea kutenda kwa manufaa ya watu. Kinachoachwa ni "mimi ndiye nitendaye". Utawa humpa mtafutaji nafasi ya kazi tatu: kusikiliza mafundisho, kuyapima kwa akili hadi shaka iishe, kisha kuzama ndani yake. Anayeukimbilia baada ya msiba au deni hana budi kungoja, maana Wahindu wanaijua vizuri ile hali ya kuichukia dunia penye moto wa maiti, inayopoa kabla mtu hajafika nyumbani.

Na anayebaki nyumbani asidhani kazi safi inamtosha. Husafisha moyo, haifundishi. Kusikiliza, kupima na kuzama bado vinamdai saa za kila siku, na saa hizo atazichonga mwenyewe kati ya duka na watoto.